Nashika, Wala Siapi

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Mtu wa Mwanza analijua hili hata kama hajawahi kukanyaga mtumbwi. Siku za giza, ukisimama usiku juu ya mawe huku kwetu Kirumba, unaona ziwa limewaka taa kana kwamba kuna mji mwingine ng'ambo. Mwezi ukikua, mji ule unapungua, taa moja leo, tatu kesho, hadi unazimika wote. Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Zinaelea juu ya maji, wadudu wanakusanyika kwenye mwanga, dagaa wanafuata, wavu unapandishwa. Mbalamwezi ikimwagika ziwa zima, taa haina tena cha kuwaitia. Basi siku kadhaa nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa nyufa, wanaume wanalala majumbani mwao.

Siku hiyohiyo ya mwezi mpevu, Wabuddha wengi wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar huenda hekaluni na kushika mafunzo manane ya kujiepusha kwa mchana mmoja na usiku mmoja. Sri Lanka kila mwezi mpevu ni sikukuu ya taifa. Nami hapa Kirumba, binti wa muuza dagaa, nashika siku hiyo, peke yangu, chumbani. Miaka ya mwanzo sikuona kwamba kalenda ile ya mbali na kalenda ya wavuvi wetu zinafuata mwezi mmoja. Nilipoona, jambo lililokuwa limenikwamisha kwa muda mrefu, yaani nadhiri, lilianza kulegea. Nataka kulieleza polepole, kwa sababu najua wapo wengine wanaokwama palepale.

Nilizijua nadhiri kabla sijajua kusoma. Baba alikuwa mvuvi wa kuajiriwa kwenye mtumbwi wa tajiri. Mara moja nikiwa mdogo upepo uliwakamata usiku, wakarudi alfajiri wamelowa, mwenzao mmoja akibebwa. Baba aliketi kizingitini, hakuvua hata shati, akamwambia mama: "Nimemwambia Mungu, nikikanyaga nchi kavu sinywi tena." Hakunywa wiki tatu. Kulikuwa na nyama Jumapili, kulikuwa na daftari jipya. Kisha akanywa. Mwaka mwingine akaweka nadhiri nyingine, ikafika miezi miwili. Ninachokumbuka zaidi ni yaliyofuata kila zilipovunjika. Aliona aibu. Hakutaka kula nasi mkeka mmoja. Aliacha kwenda kanisani, na padri alipompelekea salamu alijibu kwamba mtu aliyemdanganya Mungu ana uso gani wa kuingia mle. Ahadi ni deni, na yeye alijiona mdaiwa asiye na mali ya kufilisiwa. Alikufa hajarudi kanisani.

Simlaumu baba. Ile asubuhi kizingitini alimaanisha kila neno, nilimwona. Ukweli wa moyo alikuwa nao. Alichokosa ni mahali pa kusimama siku ya pili baada ya kuanguka.

Kwa hiyo nilipoanza kujisomea mafundisho ya Buddha, miaka mingi baadaye, kwenye simu, usiku, baada ya kufunga hesabu za dagaa, nilipenda utulivu wa kukaa na kufuata pumzi, nikapenda namna mafundisho yanavyotaja mateso bila kuyaonea haya. Lakini kila nilipofika penye neno la nadhiri nilifunga ukurasa. Nilikuwa nimeona nadhiri inavyomfanya mtu.

Biashara ndiyo iliyonifikisha Uganda. Dagaa wetu wale wale wao wanawaita mukene. Nilipanda meli hadi Bukoba, kisha basi kupitia mpaka wa Mutukula, na nilipomaliza shughuli Kampala nikashuka barabara ya Entebbe hadi Garuga, kwenye Kituo cha Wabuddha cha Uganda. Kilianzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekwenda India mwaka 1990 kusomea biashara, akakutana huko na watawa kutoka Thailand, na mwaka 2002 akawa mtawa mwenyewe huko Marekani. Kutoka pale ziwa haliko mbali. Ni ziwa hilihili. Nilisimama nikilitazama kutoka upande wa kaskazini nikawaza kwamba mama yuko upande wa kusini wa maji haya, anageuza dagaa kwenye vichanja.

Siku ile nilikaa na mtawa mmoja, mtu wa makamo, asiye na haraka. Nikamweleza kuhusu baba. Hakunipa pole nyingi. Aliniandikia kwenye karatasi sentensi moja ya Kipali, lugha ya maandiko ya zamani ya Wabuddha wa kusini mwa Asia, akanifafanulia neno kwa neno: *panatipata veramani sikkhapadam samadiyami*. Panatipata ni kuua chenye uhai. Veramani ni kujiepusha. Sikkhapadam ni hatua ya kujifunza. Samadiyami ni najitwalia, nachukua mwenyewe.

Akaniuliza: "Umeona ameahidiwa nani hapo?"

Nikatafuta. Hakuna. Mafunzo matano ya mlei, muumini asiye mtawa, yote yana umbo hilo: kujiepusha na kuua, na kuchukua usichopewa, na uzinzi, na uongo, na vileo vinavyopotosha akili. Katika sentensi yote hakuna anayeamuru, na hakuna anayesubiri kulipwa. Yupo mtu anayechukua funzo, na neno lenyewe la funzo linakiri kwamba bado hajahitimu.

Nimehangaika sana kulitia neno lile katika Kiswahili. "Naapa" likaleta mahakama. "Naahidi" likaleta deni, na nyuma ya deni nikamwona baba. "Naazimia" ni zuri, ila kwangu lina sauti ya mkutano. Mwishowe nimebaki na "nashika". Tunasema fulani ameshika dini, ameshika swaumu. Na kitu kilichoshikwa huweza kuponyoka. Kikiponyoka kiko hapo chini, mkono bado ni wako, unainama unakiokota. Sijui kama mwanazuoni wa Kipali angekubali. Mimi ndilo ninalosema kila asubuhi: nashika funzo la kujiepusha na uongo.

Kiswahili kimetupa pia neno nia, na hapo nadhani tumebahatika kuliko wengi. Buddha alifundisha kwamba karma, lile tendo linalozaa matunda, ni nia yenyewe. Mtu hunuia kwanza, kisha hutenda kwa mwili, kwa maneno au kwa mawazo. Katika njia yake ya sehemu nane, nia njema ni sehemu ya pili, na ameifafanua kwa mambo matatu: nia ya kuachilia, nia isiyo na chuki, nia isiyodhuru. Jirani yetu wa ukutani, Mwislamu, alinifungua macho bila kujua. Ramadhani moja nilimsikia akimfundisha mwanawe kunuia. Mtoto akauliza, si nilinuia jana? Akamjibu: "Jana ilikuwa ya jana. Kila usiku unanuia upya." Nilikuwa nimesimama na ndoo ya maji nikashindwa kuendelea. Dini yake na njia yangu ni vitu viwili, sitaki kuvichanganya kama mchele na choroko. Lakini kile alichokuwa anamwambia mtoto ndicho ambacho baba hakuambiwa na mtu.

Basi nikaanza kushika. Manne yalikuwa mazito lakini yanabebeka. La kwanza lilinishinda.

Mtu anayesoma haya kutoka mji usio na mwalo, ufuko wa kushushia samaki, pengine haoni ugumu. Mwalo wa Kirumba ni soko la samaki linalolisha watu wa mbali, magunia ya dagaa yanapakiwa pale kwenda mikoani na hadi Kongo. Mama alinilea kwa hao dagaa, ada yangu yote ilitoka kwenye sado, ile ndoo ndogo aliyokuwa akipimia. Sasa miguu yake imechoka na biashara naiendesha mimi. Buddha alitaja biashara tano ambazo mlei ajiepushe nazo: silaha, watu, nyama, vileo na sumu. Nilisoma orodha ile mara nyingi nikitafuta upenyo. Nilijiambia dagaa nawakuta wamekwisha kufa. Nilijiambia situpi wavu.

Wafafanuzi wa zamani walikwisha kuliona hilo. Wanasema tendo la kuua linakamilika kwa mambo matano: kiwepo kiumbe hai, ujue kwamba ni hai, uwe na nia ya kuua, ifanyike juhudi, na kiumbe afe. Na juhudi si ya mkono wako tu, kumtuma mwingine nako ni juhudi. Hapo niliachwa sina pa kujificha, kwa kuwa sisi wanunuzi wa dagaa tuna desturi ya kutanguliza hela. Giza likikaribia, nahodha anakuja nyumbani, unampa ya mafuta na ya chakula cha vijana wake, naye akirudi alfajiri mzigo unakuangalia wewe kwanza, kwa bei mliyopatana. Ukitanguliza, umepata dagaa. Usipotanguliza, unasimama mwaloni unagombania waliobaki. Nilikuwa natuma mtumbwi. Nia ilikuwa yangu, imefungwa kwenye noti.

Nilimweleza yule mtawa kwa simu. Nilidhani atasema niache biashara au niache kujiita mwanafunzi wa Buddha. Akaniambia kwamba katika kuomba mafunzo kuna maneno mawili yanayotamkwa katika nchi kama Thailand, *visum visum*, yaani moja moja. Mtu anaomba kuyashika mafunzo kila moja kwa nafasi yake, ili moja likivunjika mengine yasiporomoke nalo. Na Wabuddha wa Uchina wana andiko linalomruhusu mlei kuchukua moja, au mawili, au mengi, au yote, kadiri anavyoweza kweli. "Usiseme kwa mdomo ambalo maisha yako hayalisemi," aliniambia. "Lisilosemeka leo liache wazi. Usilifunike."

Nikaliacha wazi. Miaka mitatu kila asubuhi nilianzia funzo la pili. Natulia mahali ambapo la kwanza lingekuwa, napumua mara moja, naendelea. Kuna watu watasema huo ni ujanja wa kukwepa. Mimi naamini pumzi ile moja ilinifanyia kazi kubwa kuliko kama ningetamka uongo mtakatifu. Ilikuwa kama jino lililong'oka, ulimi hauachi kupagusa.

Mwezi mpevu ndio uliofungua njia. Mafunzo manane ya siku ile huanza na yale matano, la tatu likikazwa liwe kujizuia kabisa, kisha yanaongezwa kutokula baada ya adhuhuri, kuacha muziki na mapambo, na kutolala kitanda cha fahari. Yanashikwa kwa mchana mmoja na usiku mmoja tu. Siku moja nikiwa nimeketi, ziwa liko giza la taa na jeupe la mwezi, ikanijia: usiku huu hakuna mtumbwi wa dagaa uliotoka kwa hela yangu. Hakuna hata mmoja. Naweza kusema la kwanza bila kudanganya. Nikalisema. Sauti ilinitoka vibaya, kama mtu aliyeamka. Kisha nikalala sakafuni kwenye mkeka nikasikia mbwa wa mtaani na maji yakigonga mawe, na kwa usiku ule mmoja nilikuwa mtu asiyemtuma yeyote kuua.

Lazima niseme pia habari ya uongo, maana nisipoisema nitakuwa nimejipamba.

Dagaa wa kichanja na dagaa wa mchangani si kitu kimoja. Wa kichanja ni safi, hawana chembe za mchanga kwenye meno, bei yake ni nyingine. Mwaka jana mteja wangu wa Kahama alipiga simu akitaka magunia 6. Mvua ilikuwa imetuharibia, nilikuwa na magunia 4 ya kichanja na 2 ya mchangani. Akauliza: "Dada, wote ni wa kichanja?" Nikasema ndiyo. Lilitoka haraka kuliko pumzi. Asubuhi ileile nilikuwa nimeketi juu ya jiwe nimeshika funzo la nne, na mkono niliofungia mzigo ulikuwa uleule.

Siku nne sikukaa kutafakari. Nikikaribia mkeka naona kizingiti cha nyumba yetu ya zamani na shati lililolowa. Nilielewa kwa mwili wangu kilichomfukuza baba kanisani. Aibu inakuambia subiri uwe msafi ndipo urudi, na wewe huwi msafi kwa kuwa hujarudi. Siku ya tano nilimpigia mteja kabla sijafanya chochote. Nikamwambia magunia mawili ni ya mchangani, nilijua, nilikudanganya. Alinyamaza. Nikamrudishia tofauti ya bei kwa simu. Hakunisifu, aliniuliza tu kama mizigo ya nyuma nayo ilikuwa hivyo, na ilikuwa haki yake kuuliza. Bado ananunua kwangu, ila sasa anatuma kijana kukagua. Kisha nikaketi nikasema, nashika funzo la kujiepusha na uongo. Maneno yaleyale. Sikuyaongezea uzito wala machozi. Nadhani ndipo kwa mara ya kwanza niliyatamka nikijua yana maana gani.

Watu wakisimulia usiku Buddha alipoamkia ukweli chini ya mti kule Bodh Gaya, India, husimulia kiapo: ngozi, mishipa na mifupa vibaki, nyama na damu vikauke, siinuki hapa mpaka nimefikia. Ni maneno ya kutetemesha. Lakini kabla yake alikuwa amejitesa kwa njaa miaka sita, akaona haimfikishi, akakubali kula wali wa maziwa aliopewa na mwanamke aitwaye Sujata. Kwanza alikula. Aliketi chini ya mti akiwa na nguvu mwilini na amekwisha kuachana na ukali dhidi ya nafsi yake. Nikiwaza nadhiri za baba, zote zilitoka kwenye hofu na tumbo tupu.

Kuna nadhiri za aina nyingine kabisa, na hizo nazo zilinisumbua. Wabuddha wa Uchina, Japani, Korea na Vietnam huimba nadhiri nne kuu: viumbe hawana idadi, nitawaokoa wote, upotovu hauna mwisho, nitaukomesha, milango ya mafundisho haihesabiki, nitajifunza yote, njia ya Buddha haina iliyo juu yake, nitaifikia. Mwanzoni niliona ni maneno ya kujikweza. Nani anaahidi kisichowezekana na kujiita mkweli? Halafu asubuhi moja nilikuwa napima. Sado imejaa hadi mdomoni, dagaa wadogo wa fedha, kila mmoja na jicho lake. Viumbe hawana idadi. Nilikuwa nimelisoma neno hilo kama mtu anayesoma habari za nyota, kumbe lilikuwa magotini pangu, kwenye bati, na mteja ananiambia ongeza kidogo dada.

Babu aliyenifundisha kupiga kasia nikiwa msichana alikuwa akinikaripia nikielekeza mtumbwi moja kwa moja kwenye mwalo. Upepo ukitoka ubavuni, alisema, lenga juu ya pale unapotaka kufika, kwenye lile jiwe kule, upepo utakushusha. Ukilenga mwalo wenyewe utajikuta kwenye matete. Sijawahi kufika kwenye lile jiwe. Mwaloni nilifika kila mara. Nadhani zile nadhiri nne watu huzishika hivyo, na tangu asubuhi ile nazisema baada ya mafunzo, kwa sauti ndogo, nikijua kabisa sitafika.

Kutoka usiku mmoja wa mwezi mpevu nikaongeza siku tatu. Nikahamisha sehemu ya mtaji kwenye mchele na choroko, polepole, kwa kuwa kuna watoto wa marehemu kaka yangu wanaosoma kwa meza hiyo. Mama hakusema kitu. Ni Mkatoliki wa rozari, siku yangu ya kufunga ananifunikia chakula bila kuuliza, na asubuhi anakipasha moto.

Mwezi uliopita, mbalamwezi ilipoanza kuchelewa kuchomoza na giza la mwanzo wa usiku likarudi, nahodha alikuja kama kawaida, akavua ndala mlangoni, akamwamkia mama. Nikamwambia: "Safari hii sitangulizi, kaka. Mkirudi nitakuja mwaloni kama wanunuzi wengine." Alidhani nina shida ya hela, akaniambia nusu inatosha. Nikamwambia hela ipo. Hapo akamtazama mama. Mama alitulia kidogo, kisha akafungua pindo la kanga, akahesabu noti, akampa. "Mungu awarudishe salama," alimwambia.

Alipoondoka, mama alifunga pindo lake. "Umekataa wewe," akasema. "Mimi sijakataa." Hakuwa na hasira. Akaniomba nimsogezee kibatari, umeme ulikuwa umekatika.

Usiku nilipanda juu ya mawe. Nikashika la pili, la tatu, la nne, la tano. Nikarudi kwenye la kwanza, nikasema nalishika mpaka kupambazuke. Ziwani taa zilikuwa zimetoka, chache, zimetawanyika kuelekea Igombe. Moja kati ya hizo ilikuwa ya hela ya mama. Nilizitazama muda mrefu, sikujua ni ipi.